Kidole Changu na Mlinzi wa Sufuria

2 Juni, Jumapili

Fides, nesi wa kliniki ya sukari, amesema niandike kila ninachokula. Haya. Asubuhi uji wa dona bila sukari, kikombe kimoja. Mchana ugali wa kiasi cha ngumi yangu, maharage, majani ya maboga. Jioni vivyo hivyo. Nimemaliza chakula na ukurasa bado mweupe, basi nitaandika na habari za watu.

Daftari hili likipotea, mwenyewe ni Jenista, mke wa Gwamaka, Hasamba. Ukiuliza njiani watakuambia: yule mnene.

Sikuzaliwa hivi. Nilipoolewa nilikuwa ufito. Kila nilivyoongezeka, watu walimpongeza Gwamaka kana kwamba yeye ndiye aliyeubeba mwili. "Bwana, mkeo unamtunza!" Sasa sukari imeingia, pongezi zimekwisha, na lawama zote zimeletwa kwangu.

Shida yenyewe ni kidole cha pili cha mguu wa kushoto. Kina kidonda tangu Pasaka, hakisikii dawa wala maombi. Daktari amesema wazi: sukari isiposhuka mpaka kahawa imalizike kuchumwa, watakikata kabla hakijavuta mguu wote. Sindano za insulini nilianzishiwa tangu kidonda kilipotoka, najichoma mwenyewe asubuhi na jioni.

3 Juni

Baridi. Kahawa za bondeni zimeiva, tumeanza kuchuma. Sindano sikuisikia kabisa.

8 Juni

Baba mkwe amekuja. Ukuta wa nyumba yake kule Ileje ulianguka na mvua za masika, Gwamaka amekwenda kumchukua hadi utakapojengwa upya. Amewekwa kwenye kijumba cha uani.

Mzee Gwalugano ni mtu mzuri, wote wanasema. Mimi nasikia tu. Watu wa kwao wanashika mwiko wa zamani: mke wa mtoto hasemi na baba mkwe, hamtazami usoni, hapiti mbele yake, na wakikutana njiani mmoja lazima aache njia. Mimi ni Mnyiha, kwetu siku hizi wengi wameulegeza, lakini niliolewa kwao na nikaapa nitashika vya kwao. Nimeushika tangu siku ya harusi. Kwa vile alikuwa Ileje na mimi huku, haukunisumbua sana. Sasa tunagawana uwanja mmoja.

9 Juni, Jumapili

Leo alikohoa kunipa ilani, nikakimbilia nyuma ya mti wa kahawa. Mtu wa mwili wangu kujificha nyuma ya mti wa kahawa! Nilionekana kulia na kushoto. Mzee, Mungu ambariki, aligeuza uso na kupita akitazama mbingu kama anayesubiri mvua, na Juni hakuna mvua.

15 Juni

Kliniki. Sukari kumi na nane, na inatakiwa ishuke chini ya kumi. Daktari akaongeza dozi. Akaniuliza nakula nini, nikamsomea daftari. Alisikiliza, akamtazama Gwamaka, si mimi.

Njia nzima Gwamaka aliendesha pikipiki kwa kasi, shimo hakukwepa hata moja.

17 Juni

Gwamaka ametia kufuli stoo. Ufunguo anao mfukoni. Mimi ndiye niliyelima mahindi yaliyomo.

Nilimuuliza, "Baba Angel, unanifungia chakula?"

"Sikufungii, nakusaidia."

Nimechuma hadi jioni kwa hasira, nikajaza vikapu kuliko vijana.

20 Juni

Hakutosheka na kufuli. Amemwita dada yake, wifi yangu Tabita, aje alinde jiko. Ameshuka leo kutoka Ileje na begi moja na sauti ya watu watatu. Ni mjane, mwembamba, mkavu, na hajawahi kunipenda tangu siku nilipokuja kwao na mahari ikapandishwa kwa ajili ya urefu wangu.

Kabla hajanywa maji alinusa sufuria zote. Akasema, "Wifi, nimekuja kwa ajili ya kidole chako. Ukinichukia nichukie, lakini kula nitakugawia mimi."

Nilimwambia karibu. Adabu inaua.

21 Juni

Amenigawia ugali. Hata kuku angeuliza uko wapi.

23 Juni, Jumapili

Kanisani kaniweka benchi la ukutani na yeye akakaa mwisho, nisitoke kwenda kwenye maandazi ya akina mama nje.

27 Juni

Baridi kali, ukungu mpaka saa nne. Mikono inauma kwenye maji ya kuoshea kahawa. Asubuhi navaa sweta mbili, gauni na vitenge viwili, na sindano nachoma bila kuvua kitu: nafunua kidogo pembeni mwa tumbo, kushoto, pale pale, naingiza, nafunika. Pamezoea. Hapaumi. Wengine wanalalamika sindano inauma, mimi namshukuru Mungu.

1 Julai

Tabita amepekua chini ya kitanda changu. Amekuta viatu.

6 Julai

Kliniki tena. Sukari kumi na tisa.

Daktari alivua miwani. "Mama, dawa nakuongezea, lakini sukari haidanganyi. Mtu ndiye anadanganya." Akakifunua kidole, akakibonyeza pembeni, akaniuliza kama nasikia. Sikusikia. Gwamaka aliona kwamba sikusikia, nikaona uso wake ukianguka. Huyu bwana ananipenda, nalijua hilo. Ni kwamba ananipenda kama mshitakiwa.

Jioni wazee wa kanisa walikuja. Gwamaka kawaambia waniombee nishinde ulafi. Ulafi! Wakafumba macho, wakanyoosha mikono juu yangu, mmoja akakemea kwa nguvu. Nilikaa kwenye mkeka nikiwa nimeinamisha kichwa na njaa ikinikwaruza tumbo. Niliitikia amina kwa sababu ndivyo nilivyolelewa.

Angel alipiga simu kutoka Tunduma. Binti yangu mwenyewe. "Mama, jamani, si useme tu? Ni soda, eh? Unakunywa soda huko shambani?" Nilimkatia. Halafu nikalia, naandika hapa ili nisilie tena.

7 Julai, Jumapili

Sikwenda kanisani.

12 Julai

Leo tumegombana mimi na Tabita, na ugomvi haukuishia nilipotarajia.

Tulikuwa kwenye mashine ya kumenyea kahawa, mimi nazungusha, yeye anamwaga. Nilimwambia, "Hebu niambie, wifi, unanionaje? Naamka usiku nakula mbichi? Nakula kahawa?"

Akatua ndoo. "Nalala chumba kimoja na wewe tangu Gwamaka ahamie chumba kile kingine. Ukikohoa nasikia. Ukienda chooni nakufuata."

"Najua. Unanitia aibu mpaka kwa mbuzi."

"Sasa mimi nakuuliza wewe. Unakula wapi?"

"Sili popote!"

"Najua huli," akasema. "Ndiyo maana nauliza. Mimi ndiye nakugawia, na mimi nimeshiba kuliko wewe. Hata kiuno kimelegea, hicho kitenge unakifunga mara ngapi kwa siku? Mtu haibi chakula akakonda. Kuna kitu hapa sikielewi, na nisichokielewa kinaninyima usingizi."

Akainua ndoo, akaendelea kumwaga. Nilizungusha mpini nikiwa sioni vizuri, maana machozi yalikuwa yamejaa. Ni mtu wa kwanza kuniamini msimu huu, na ndiye aliyeletwa kunikamata.

13 Julai

Tabita ameongeza ugali. Kidogo. Amesema ni kosa la mwiko wa kusongea.

19 Julai

Kidole kimebadilika rangi ubavuni. Sikumwambia Gwamaka. Nimemwambia Tabita.

20 Julai

Tabita amemwambia Gwamaka.

25 Julai

Kahawa ya juu karibu inakwisha. Kila mti tunaoumaliza natazama mguu wangu. Mwaka mwingine ningefurahi kumaliza mapema.

3 Agosti

Nitaandika mengi leo.

Siku ya kliniki, Tabita alikataa kubaki nyumbani. Tulikwenda watatu, Gwamaka akatutangulia kwa pikipiki, sisi tukapanda gari. Sukari: ishirini na moja. Daktari akashusha pumzi, akachukua kalamu, akasema ataniandikia karatasi ya kwenda kwa wapasuaji. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliniogopesha.

Gwamaka akasema, "Daktari, tumejaribu. Tumefunga stoo, tumeomba. Anakula tu."

Hapo Tabita akasimama. Alikuwa amevaa koti la marehemu mumewe, linamfika magotini, na chumba kizima kilimsikia, pengine na korido.

"Hajala," akasema. "Gwamaka, mimi ni dada yako mkubwa, nimekubeba mgongoni. Ulinileta nimlinde mkeo, nimemlinda. Nimelala naye, nimekula naye, nimemfuata kichakani. Tangu nimefika huyu mwanamke hajatia kinywani kitu ambacho sikukigawa kwa mkono huu. Daktari, nisamehe, mimi shule niliishia darasa la nne. Lakini hicho kimashine kikisema anaiba chakula, basi kinasema na mimi naiba naye. Tafuteni kwingine."

Gwamaka alitazama sakafu.

Naandika hili wazi: mpaka dakika ile nilikuwa nadhani naogopa kisu. Kumbe kidole ningezoea kukikosa. Nilichokuwa naogopa ni kufa nikiitwa mwongo, na watoto wangu waamini.

Daktari aliiweka kalamu. Akamwita Fides, akamwambia, "Hebu tuanze upya. Mwangalie anavyojichoma." Fides akanipeleka nyuma ya pazia, akaniambia nichome kama nyumbani. Nikafunua kipembe changu cha kushoto. Akaniambia ngoja. Akavua glovu, akapapasa kwa vidole vitupu, akapapasa upande wa pili, akarudi. Nami nikapapasa. Pale nilipopaita pamezoea palikuwa na kinundu laini, kipana kama andazi, kimejificha chini ya mafuta yangu mengine. Sikuwahi kukijua. Nani anapapasa tumbo lake kwenye baridi ile?

"Mama Angel, miezi yote unachoma hapa tu?"

"Hapaumi," nikasema.

"Hapaumi kwa sababu pameharibika."

Akaita wote waingie, akaeleza huku daktari akiitikia kwa kichwa. Nimejaribu kuyashika maneno yake. Kasema mafuta ya mwili hayakukaa tu, yanafanya kazi. Ndani yake mna vimeng'enya, jamaa za vile tulivyofundishwa shuleni kwamba vimo kwenye mate. Vingine huweka mafuta akiba, vingine huyatoa. Insulini ndiyo huviamuru: ninyi wekeni, ninyi tulieni. Mtu akinenepa sana, mafuta yake hayaisikii tena amri vizuri. Yanavuja kwenye damu, yanafika hadi kwenye ini, na sukari inabaki haina pa kuingia. "Huo ni mwili kutosikia," akasema. "Si ulafi." Alilitamka neno hilo bila kumtazama mtu, lakini Gwamaka alijisogeza.

Halafu akaweka kidole kwenye kinundu. Hapa, akasema, mambo ni kinyume. Hapa insulini imemwagwa nzima nzima, kila siku, asubuhi na jioni, na vimeng'enya vya hapa vimetii kupita kiasi: vimeweka, vimeweka, mpaka pakaota kinundu. Na kinundu kikishaota, dawa inakwama humo. Tunaongeza dozi, nayo inakwenda kukilisha.

"Ni kama umetia mbolea shina moja," akasema, "na shamba zima linaona njaa."

Daktari akaniomba radhi. Mtu mzima na miwani yake, mbele ya mume wangu. Akasema hili swali la kwanza kabisa alipaswa kuliuliza Juni. Karatasi ya wapasuaji akaiweka kando, hakuichana. Akanipa mpaka mwisho wa mwezi. Nihame kila siku: paja hili, paja lile, tumbo upande mwingine, kinundu kisiguswe. Dozi akaipunguza sana, na akaonya mara mbili: dawa sasa itafika yote, kwa hiyo nikichoma, nile papo hapo. Nikitokwa jasho, nikatetemeka, nipewe sukari haraka, sukari yenyewe ya mezani.

Gwamaka alisukuma pikipiki pamoja nasi hadi kituoni badala ya kuipanda. Alisema, "Mama Angel, nilikuhukumu." Nimemwambia nimesikia, ila hasira bado ninayo, aniache niimalize.

4 Agosti, Jumapili

Kufuli halipo. Tabita ameweka kopo la sukari kwenye rafu ya jikoni karibu na mlango, akatangazia nyumba nzima, hata kijumba cha uani: "Akilegea, mpeni hii!" Paja linauma, jamani. Nimelia kama mtoto wa chanjo.

6 Agosti

Nimepima kwa kimashine cha Mchungaji wetu, naye ana sukari. Kumi na mbili! Tabita amecheza peke yake uani.

10 Agosti

Naweza kushika kalamu sasa, naandika ya juzi.

Nane Nane, Gwamaka na akina mama wa kanisa walikwenda Mbeya kwenye maonyesho. Tabita hakutaka, nikamfukuza. Msimu mzima amekaa kwenye moshi wangu, na alikuwa anatamani kuona ng'ombe wa maziwa. Uji alishaupika, akaufunika jikoni.

Nikachoma chumbani, paja la kulia. Nikatoka kuvuka uwanja kwenda jikoni. Mzee Gwalugano alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa jiko, kijua cha asubuhi kinampiga pale na si pengine popote. Amefumba macho, ameweka mikono magotini. Mlango ni mmoja. Kupita ni kumruka.

Nikarudi nyuma ya meza za kuanikia kahawa. Nikasema atainuka sasa hivi. Nikaanza kuchambua kahawa mbovu ili nisionekane nimesimama. Hakuinuka. Nilikuwa na sauti ya kuita "hodi". Nilikuwa na mawe ya kutupa bati likalia. Sikufanya lolote, maana miaka hiyo yote mwili wangu umefundishwa kunyamaza akiwapo, nao ulinyamaza. Kumwamsha baba mkwe kwa ajili ya uji! Niliona aibu hata kuwaza.

Kisha jasho, katika baridi ile. Mikono ikaanza kutetemeka hata kahawa zikanitoka. Nilijua ni nini. Nikajaribu kuita Tabita, nikakumbuka hayupo. Nikashika meza, meza ikaja nami, na kahawa yote ikanimwagikia.

Nakumbuka vipande. Kigoda kinaanguka. Kikohozi cha ilani, mara moja, halafu miguu inakimbia, na mzee yule hakimbii. Kichwa changu kikainuliwa kikalazwa juu ya goti. Kidole kigumu, cha mkulima, kinaingia pembeni mwa shavu langu na sukari. Kinatoka, kinarudi. "Meza, mwanangu. Meza. Usinifie mikononi, nitamwambia nini Gwamaka? Meza." Nilimeza. Alinipa mpaka nikaweza kukaa, akaleta uji, akaushika mwenyewe kikombe kwa sababu mikono yangu haikuweza. Kisha akaniegemeza ukutani, akakaa kando yangu akinipa mgongo, hakuondoka.

Tuliketi hivyo mpaka waliporudi.

12 Agosti

Ndugu wawili wa Gwamaka wamekuja kutoka Ileje. Habari zimefika: mkwe amemshika mkwe. Wanataka mzee atoe kuku, pasemwe maneno ya kusafisha. Mimi nilikuwa jikoni na Tabita, tumebana pumzi.

Mzee aliwaacha wamalize. Akasema, "Kuku nitatoa, sina ugomvi na kuku. Lakini mniambie kwanza. Huyu binti alikaa na njaa nyuma ya kahawa kwa kuniheshimu mimi. Mimi nimelala mlangoni pake naota jua. Heshima ilikuwa inamuua, na mimi ndiye heshima yenyewe. Sasa anayetakiwa kusafishwa ni nani?"

Tabita alinishika mkono chini ya kitenge, akaubana hadi ukauma.

13 Agosti

Kigoda kimehamishiwa upande wa pili wa uwanja. Gwamaka ametoboa dirisha la pili kwenye kijumba cha mzee, jua liingie. Hasira yangu kwa Gwamaka imebaki nusu.

19 Agosti

Sukari nane.

24 Agosti

Tumemaliza kuchuma.

31 Agosti

Fides alikifunua kidole leo, akakitazama muda mrefu hadi nikaanza kusali. Nyama mpya, nyekundu, imefunika karibu yote. Akabonyeza. Nikapiga kelele, na wote wakacheka, maana nilisikia maumivu. Daktari akaichukua ile karatasi ya wapasuaji kutoka kwenye faili, akaichana mara nne.

Nyumbani Gwamaka na Tabita walibaki barabarani kuwatangazia majirani. Niliingia uwanjani peke yangu. Mzee alikuwa amesimama katikati. Sikuwa na mti karibu, na kwa kweli sikuutafuta. Niliinua uso, nikamwona. Kumbe macho ya Gwamaka ni yake, na siku zote nilidhani ni ya mama yake.

"Kidole kipo?" akauliza.

"Kipo, baba."

Ndilo neno la kwanza nililopata kumwambia tangu niolewe. Akavuta kigoda, akanipa mimi nikae, yeye akachuchumaa chini, akasema anataka kukiona kwa macho yake.

Nikavua soksi.